Mama Amesema Mingi Kuliko Hiyo

Kwetu Nakivale, mu kambi ya bakimbizi ya Uganda, mutu akisimama mbele ya batu kusema, hasemi peke yake. Anasema kipande, ananyamaza, na mutu wa pembeni anakipeleka mu luga ingine. Mu kanisa letu, lile la mabati na miti, pasta alikuwa anahubiri Kiswahili, na mimi nilikuwa nasimama ku mukono wake wa kushoto nikitafsiri mu Kirundi, juu Barundi balikuwa mingi ku mabenchi ya nyuma. Kirundi nilikijua tangu Uvira, kwetu Kongo, ku soko, fasi tulikuwa tunauziana ndagala, samaki badogo ba ziwa, na Barundi bakivuka mupaka.

Pasta akipiga muguu chini, na mimi napiga. Akinyanyua mikono, nanyanyua. Akisema "mimi mwenye zambi", sisemi "pasta anasema yeye ni mwenye zambi". Nasema "mimi mwenye zambi", na batu banaelewa ni yeye anasema. Lakini siku ya kwanza bibi moja Murundi hakuelewa. Kisha ibada kuisha akanivuta kando, akaniuliza pole pole: "Mama, ni zambi gani umefanya, mupaka unaitubu mbele ya kanisa yote?"

Pasta alinifundisha sheria moja tu. Mutafsiri anayepunguza ni mwizi, na anayeongeza ni mwongo. Niliishika kama vile nashika amri za Mungu.

Na haikuwa mu kanisa tu. Mukutano wa maji, mukutano wa kugawa mashamba, hata ku kilio, mutu anasema kipande anangoja. Tulizoea mupaka tukasahau kama kuko fasi ingine batu banasema moja kwa moja. Hiyo mazoea ndiyo ilinipeleka ku haya mambo nataka kuandika.

Wakati ule nilikuwa nimeanza masomo ya mangaribi. Mu utoto nilisoma kidogo tu, vita ikakata. Kwa hiyo Nakivale, kila siku kisha kutoka shamba, nilikuwa nanawa miguu, nafunga kitenge safi, naenda kusoma Kiingereza na batu bazima benzangu. Tulikuwa tunakaa mu darasa la batoto ba praimari, mabenchi mafupi, magoti yanafika ku kidevu. Kulikuwa na muzee moja, fundi wa viatu, alikuwa anasoma kwa sauti kubwa sawa mutu anaita ng'ombe. Mwalimu akimwambia apunguze, anajibu: "Mwalimu, niache. Kiingereza ikiingia kimya itatoka kimya. Mimi nataka iingie na kelele, ata ikitaka kutoka niisikie." Tulicheka mupaka taa ya chemli ikatingishika.

Nikirudi nyumbani, mutoto wangu wa kwanza, binti, ndiye alikuwa ananisikiliza masomo. Mimi nasonga bugali, yeye anashika kaye yangu ya kuandikia, ananiuliza maneno.

"Mama, rudia."

Narudia.

"Mama, hiyo si Kiingereza. Hiyo ni Kifuliiru imevaa viatu."

Namutupia kipande ya kuni, anakimbia, anacheka, anarudi. Mu nyumba alikuwa kasuku. Tulipofika Nakivale alikuwa na kama miaka kumi, amesoma Kifaransa tu, na balimurudisha nyuma akakaa na batoto ba meno ya maziwa. Hakuona haya. Alipanda darasa kwa darasa, akamaliza praimari, na kwa neema ya Mungu bakampatia nafasi ku shule moja ya sekondari, ya kulala, kule Nyamitanga, ng'ambo ya muto Rwizi ukitoka Mbarara. Siku alienda nilimufungia matela mupya ya kulalia na valizi ya bati, nikamuombea mupaka pasta akasema basi mama, Mungu amesikia.

Mu katikati ya muhula wa kwanza simu ikalia. Alikuwa mwalimu mwanamuke, yule anaangalia maisha ya basichana: kulala kwao, magonjwa yao, machozi yao. Huku Uganda banamuita sinia wumani. Alikuwa Munyankore, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda: akisema "nakula", pengine ni mutoto anakula.

"Nyabo, mama, mutoto yako hapana gonjwa," akaanza, juu alijua muzazi akiona simu ya shule roho inaruka. "Kula, nakula. Andika, naandika muzuri sana, nashinda bengine. Lakini kuongea, hapana! Mimi bado sikia sauti yake."

"Labda anasali, madamu."

"Eh, nyabo! Kusali asubui mupaka usiku?"

Akanielezea. Mu ile shule batoto banasema Kiingereza tu, na kila juma kuko saa ya kusimama mbele ya benzao na kusema, ao kubishana kwa makundi mawili, ili luga ifunguke. Binti yangu alisimama mara moja. Kiingereza chake kilitoka na sauti ya Kifaransa, ile ya kuvutia maneno ku pua, na darasa likacheka. Pengine halikucheka kwa ubaya. Batoto banacheka tu. Lakini toka siku ile akifika mbele anasimama, anaangalia ukuta, anarudi kukaa. Bakamupatia jina, Foto, juu foto inakuangalia lakini haikujibu.

"Nyabo, kuja siku ya bazazi," sinia wumani akasema. "Ongea na yeye. Mimi napenda huyu mutoto, lakini nashindwa kumufungua."

Nilifunga kula, nikaomba. Na kisha kuomba nikapika, juu mutoto hawezi kula maombi. Sombe ya majani ya muhogo, na mawese na ndagala, na bugali ya muhogo nikaifunga mu majani ya ndizi na kitambaa juu yake ili isipoe. Nikafika Mbarara, nikapanda pikipiki mupaka Nyamitanga, sufuria mu mapaja, na yule kijana wa pikipiki anauliza njia yote: "Mama, hiyo inanuka vizuri hivi ni nini? Mama, usiende haraka, tuongee bei ya chakula."

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Bamama Banyankore na Baganda mu magomesi, zile kanzu za mabega marefu, masufuria ya matoke, batoto banatafuna huku banaongea. Binti yangu alikuja akanikumbatia kwa nguvu, na mbele hata sijatua sufuria akasema mu sikio langu:

"Mama, nimekunja matela. Valizi iko ku mulango wa bweni. Leo narudi na wewe."

"Mama wangu," nikamwambia, "karibu kwanza tukule."

"Nitakula nyumbani."

"Sasa ni nani amekukosea?"

"Hakuna." Akaangalia chini. "Mama, hapa mimi si mutu. Kule nyumbani mimi ni mutu. Usinikatalie, nakuomba."

Ningefanya nini? Kumulazimisha abaki sikuweza. Nilimuona namna alikonda ku mashavu. Kumubeba nirudi naye sikutaka. Nilijua mutoto akitoka shule mu Nakivale, jembe linamungoja, na nyuma ya jembe bwana anamungoja. Nikamwambia: "Tuingie mu mukutano, tukitoka tutaongea." Nilikuwa natafuta muda tu, ili Mungu anionyeshe njia.

Mu ukumbi, bazazi bakakaa mbele na batoto nyuma. Karibu yangu alikaa mama moja Muislamu wa Mbarara, muuza vitenge, Kiswahili chake kimenyooka juu bazazi bake balitoka upande wa Bukoba. Tuliongea ya vitenge, ya mvua, ya batoto. Hedimasta akasema mambo ya shule mu Kiingereza, na mimi nilishika karibu nusu, nikafurahi sana mu roho, nikasema kumbe yale magoti ku kidevu hayakuwa ya bure. Kisha akasema anataka bazazi bachache basalimie, na moja atoke ku upande wa kambi.

"Ni wewe, dada," muuza vitenge akanisukuma. "Hapa nani mwingine ametoka kambi? Simama, kitenge chako kinafaa kuonekana."

Nikasimama. Kiingereza yote ya mangaribi ikakimbia. Nikaona nitasema Kiswahili, na nikaanza sawa vile naanza kwetu:

"Bwana asifiwe! Ninabasalimia bote kutoka Nakivale!"

Na nikanyamaza.

Niliangalia ku mukono wangu wa kushoto. Hakukuwa mutu. Ukumbi wote unaniangalia, mimi naangalia hewa, nangoja. Sikujua kama nilikuwa nakosea. Niliona tu kama mutafsiri amechelewa. Nikatabasamu, nikaendelea kungoja. Batu bakaanza kugeuza shingo.

"Dada, endelea!" muuza vitenge akaniambia chini chini. "Mbona umezima kama jenereta?"

"Nangoja mutafsiri."

"Mutafsiri gani? Nani amekupa mutafsiri?"

Kicheko kikaanza mu mustari wa mbele. Sinia wumani akaona shida yangu, akaamuka, akakuja kusimama karibu yangu, na akasema salamu yangu mu Kiingereza. Roho ikarudi fasi yake. Basi, mutu akipata mutafsiri anasema! Nikanyanyua mukono, nikaanza kutembea kidogo kama vile pasta.

Nikasema namna na sisi bazazi tunasoma, mangaribi, tukitoka shamba, na mabenchi mafupi, na fundi wa viatu anaita Kiingereza kama ng'ombe ili ikitoka aisikie. Nikanyamaza.

Sinia wumani akasema mu Kiingereza: "Anasema na bao banasoma."

Bazazi bakapiga makofi kidogo, ya heshima.

Nikamuangalia. Fundi wa viatu alienda wapi? Ng'ombe balienda wapi? Lakini nikasema labda amechoka. Nikaendelea. Nikasema: "Luga mugeni ni kama mbuzi umenunua soko ya mbali. Unamufunga mu lupango ya nyumba yako. Siku za kwanza hakuli, halii, anasimama mu pembe, anakuangalia. Jirani anakuja anasema, eh, balikuuzia mbuzi bubu! Usimupige. Usimucheke. Umupelekee majani, ukae karibu. Siku moja utakuwa umelala, na mbuzi atalia mupaka utaomba anyamaze." Nikanyamaza.

Sinia wumani akasema: "Anashukuru shule kwa kutunza batoto vizuri."

Makofi tena.

Ile nilielewa neno kwa neno, juu shukrani tulisoma mu juma la kwanza. Na hakukuwa mbuzi. Nilisikia kama mutu amenifungulia mufuko, ametoa nyama, amenirudishia chumvi. Sikumukasirikia, alikuwa na roho nzuri, na kutafsiri ni kazi ya mazoea. Nikawa nafungua kinywa nirudie, na sauti ikatoka nyuma ya ukumbi. Mu Kiingereza, na ile sauti ya pua ya Kifaransa:

"Samahani, madamu. Mama amesema mingi kuliko hiyo."

Batoto bote bakageuka. Alikuwa amesimama, mukono juu, sare imekunjamana ya mutu aliyefunga mizigo. Mutoto moja akasema kwa nguvu, "Ah! Foto anaongea!" na benzake bakamunyamazisha, bao benyewe banataka kusikia.

Sinia wumani akaweka mikono ku kichwa, akacheka kwa furaha. "Kumbe! Kuja, basi! Kuja wewe mwenyewe! Mimi nimeshindwa na mama yako."

Akapita katikati ya mabenchi, akafika, akasimama ku mukono wangu wa kushoto. Hakuna mutu alimuonyesha ile fasi. Alikuwa ameniona mimi hapo, pembeni ya pasta, tangu utoto. Akaanza kwa kurudia yale yalipotea: fundi wa viatu, na akaita ng'ombe kwa sauti ya fundi mwenyewe, kisha mbuzi, namna anasimama mu pembe, na akasimama vile mbuzi anasimama. Ukumbi ukacheka, na mara hii alikuwa ndiye anabachekesha. Muuza vitenge alikuwa anapangusa macho na mutandio.

Nikaona njia Mungu ananionyesha. Niliogopa, lakini nikaingia.

"Niko na mutoto mu hii shule," nikasema.

Akasema: "Niko na mutoto mu hii shule." Sawa vile tulizoea kwetu, mutafsiri anasema "mimi".

"Anaandika vizuri, lakini anaogopa kusema, juu siku moja balimucheka."

Akasema. Sauti ilishuka kidogo, lakini akasema yote.

"Leo amekunja matela, anataka kurudi nyumbani na mimi."

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa yanasema, Mama, hapana, si hapa. Batu banangoja. Nikamwambia mu Kifuliiru, luga yetu ya nyumbani, pole pole: "Ukiona ni vibaya, uache, tukae chini sisi wawili." Akageukia ukumbi. Na akatafsiri, kwa sauti kubwa kuliko yangu: "Leo mutoto wangu amekunja matela, anataka kurudi nyumbani na mimi."

Hakuna aliyecheka. Nikaona basichana mu mabenchi ya nyuma banaangalia chini. Nafikiri si yeye peke yake alikuwa anawaza kukunja matela.

Nikamaliza: "Akirudi, nitamubebea valizi mimi mwenyewe, na sitamusema vibaya. Akibaki, nitamushukuru Mungu. Sijui atachagua nini."

Akatafsiri, mupaka ku "sijui atachagua nini". Kipande changu kilikuwa kimeisha. Lakini yeye hakunyamaza. Akaongeza maneno, machache, mu Kiingereza rahisi, ata yangu ya mangaribi inafika:

"Lakini mimi nafikiri atabaki."

Mimi hiyo sikuisema. Nikamugeukia mbele ya hedimasta na bazazi bote. Mutafsiri wangu ameongeza! Na ukumbi ukaamuka, batoto banapiga mabenchi, bamama Banyankore banapiga vigelegele bila kujua vizuri kwa nini, na mimi nikapiga magoti palepale, nikamushukuru Mungu.

Kisha mukutano kuisha tulikaa ku majani, na hatukukula sisi wawili tu. Basichana ba darasa lake balikuja, kwanza kwa mbali, kisha karibu, kisha mukono mu sufuria. Yule aliyesema "Foto anaongea" akaonja sombe, akauliza inaitwaje, akauliza mbuzi anaitwaje mu Kiswahili, mu Kifuliiru, mu Kifaransa. Binti yangu akamufundisha, na yule akasema vibaya, bakacheka bote wawili. Muuza vitenge akaleta pilau yake, akasema: "Dada, umekuja kusalimia ama kuhubiri?" Nikamwambia kwetu hiyo ni kitu moja.

Ku geti hatukuongea ya valizi. Alinishikia sufuria tupu, akanikabizi, akasema, "Salimia badogo bangu. Ambia fundi wa viatu nimemuiga." Akarudi mbio, juu basichana balikuwa banamuita.

Sinia wumani ni mutu wa akili. Alipiga simu mu juma lililofuata, anacheka mbele hata ya salamu. Alikuwa amebadilisha ile saa ya kusimama mbele. Sasa batoto banasimama wawili wawili. Moja anasimulia jambo la kwao mu luga ya mama yake, Kinyankore, Kiganda, Kiswahili, Kisomali, luga yoyote, na mwenzake anajifunza lile jambo kwanza, kisha analipeleka mu Kiingereza, na mikono, na miguu, na kila kitu. Na yule mutafsiri akipunguza, darasa lote linapiga kelele: Amesema mingi kuliko hiyo!

"Nyabo," akaniambia, "wale basichana kila siku nakuja kwangu, kichwa nauma, tumbo nauma, sasa kichwa nauma siku ya hesabu tu."

Mimi pia niliendelea na mangaribi yangu, na mu kanisa niliendelea kusimama ku mukono wa pasta. Nilimusimulia namna binti yangu alivunja sheria. Akasema: "Hakuongeza mu maneno yako, mama. Yako yalikuwa yameisha. Yeye alitoa ushuhuda." Nikaona amesema kweli.

Siku ya bazazi iliyofuata nilifika mapema, sufuria ya moto, sala mu kinywa, juu roho ya mama haiachi kuogopa. Nilimutafuta ku mulango wa bweni, hayuko. Nikamukuta mbele ya ofisi, amesimama katikati ya mwalimu wa hesabu na muzee moja Musomali wa kwetu Nakivale, baba ya mwanafunzi mupya. Muzee alikuwa anasema Kiswahili cha haraka, mukono juu, na binti yangu anakipeleka mu Kiingereza, mukono juu, uso umekasirika sawa na wa muzee. Kisha mwalimu anajibu, na anarudisha Kiswahili na uso wa upole wa mwalimu. Aliniona, akanipungia vidole tu.

"Mama, ningoje kidogo," akasema. "Huyu baba bado hajamaliza."

Yule baba alikuwa na maneno mingi. Nikatafuta fasi ya kivuli, nikakaa, nikafungua sufuria, nikaanza kula.